Benchi Lililopanuliwa

(Muziki wa kufungulia, kisha unapungua)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia historia ya benchi, lile la kulalia mtu anaponyanyua vyuma.

Ingia jimu yoyote ya mtaani utaliona. Ni jembamba, upana kama sentimita 30, na linaishia makalioni. Aliyelibuni alijua kwamba anayelala hapo atakanyaga chini kwa miguu miwili asiyumbe. Sasa mlaze mtu aliyepooza miguu, au aliyekatwa mguu baada ya kukanyaga bomu la ardhini. Chuma kikiinuliwa, mwili unakwenda upande. Kwa hiyo anaambiwa mlangoni: ndugu, hapa hutaweza.

Turudi nyuma hadi Uingereza, Februari 1944, katika hospitali ya Stoke Mandeville. Vita vilikuwa vikiendelea, na wanajeshi waliovunjika uti wa mgongo walikuwa wakilazwa tu wangoje kufa, maana vidonda vya mgongoni na maambukizi ya mkojo viliwamaliza mapema. Wodi yao ilikabidhiwa kwa Daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi mwaka 1939. Naam, naye alikuwa mkimbizi. Aliagiza wagonjwa wageuzwe kila saa mbili, usiku na mchana. Kisha akadai jambo lililowashangaza wengi: wafanye mazoezi. Mtu asiyeweza kutumia miguu anajihamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu kwa mabega na mikono. Mikono ikilegea, atabaki kubebwa maisha yake yote.

Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Olimpiki ya London ilipofunguliwa, wagonjwa na wagonjwa wa zamani 16 walishindana kwa upinde na mshale katika uwanja wa hospitali. Upinde ulifaa kwa sababu mvutaji hutumia mikono na mabega, na aliyeketi anaweza kumshinda aliyesimama.

Kunyanyua vyuma kuliingia mwaka 1964, katika michezo ya Tokyo. Mwanzoni walikubaliwa wanaume wenye majeraha ya uti wa mgongo peke yao. Baadaye milango ilifunguliwa kwa wenye ulemavu mwingine wa viungo, na wanawake wakaingia Sydney mwaka 2000. Lucy Ejike wa Nigeria, ambaye hutembelea kiti cha magurudumu, alitwaa dhahabu Athens 2004, Beijing 2008 na Rio 2016. Katika Rio hiyo hiyo Siamand Rahman wa Iran alinyanyua kilo 310. Nadhani hata wenye miguu miwili walimeza mate.

Walinyanyuaje bila kukanyaga chini? Benchi ndilo lililobadilishwa. Lile la mashindano yao lina urefu wa mita 2 na sentimita 10, ili miguu nayo ilale juu yake. Sehemu kubwa ina upana wa sentimita 61, na upande wa kichwa linapungua hadi 30, ili mikono ipate nafasi ya kushuka na chuma. Kimo chake ni kati ya sentimita 48 na 50 kutoka chini, kwa hiyo mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kujihamishia pale. Miguu hufungwa kwa mikanda.

Hakuna umeme wala mashine katika benchi hilo. Ni chuma, ubao, sponji na ngozi ya bandia, vitu ambavyo fundi wa kuchomelea anavyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 30, unataka wafikie mahali pa michezo, na nchi zetu za jirani, Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya, Tanzania na Kongo, zimeuridhia. Hata hivyo, jimu nyingi bado ziko ghorofani, na ngazi hazina hata pa kushika.

Ukimpelekea fundi vipimo hivi, mwambie aanze na upana. Na siku ya kwanza ya kulijaribu, wasimame watu wawili, mmoja kila upande wa chuma.

(Muziki)