Mkono Mmoja Haulei Mwana: Malezi ya Kijijini na Kipimo cha Mtoto Mchanga Marekani

Leo tunaangalia jinsi wataalamu walivyoyachunguza malezi ya mtoto mchanga katika vijiji vya Afrika Mashariki, na maana ya historia hiyo kwa familia zilizohamia Louisville, Columbus na Buffalo nchini Marekani.

Kuanzia mwaka 2003 Marekani iliwapokea maelfu ya Wabantu wa Somalia, wakulima wa bonde la mto Juba. Wahenga wao wengi walichukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka maeneo ambayo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, walikimbilia makambini nchini Kenya. Baadaye wakafuata Wakongo wa mashariki, wengi wao wakitokea kambi za Tanzania, Uganda na Burundi.

Huko Marekani walikuta utaratibu mgeni. Tangu mwaka 2006 chama cha madaktari wa watoto kinapendekeza makuzi ya kila mtoto yapimwe akiwa na miezi 9, 18 na 30. Mzazi huulizwa: je, mtoto anaonyesha kwa kidole? Anapanga vibao? Anatamka maneno mangapi? Majibu yanaweza kumfungulia mtoto mlango wa msaada, au kumpachika jina la mtoto aliyechelewa.

Kutoka Ohio hadi Kampala

Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, mzaliwa wa jimbo la Ohio uliko mji wa Columbus, alifika Uganda mwaka 1954. Akiwa na mkalimani, alizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1967. Aliona kwamba mama aliyeweza kusimulia kwa kina tabia za mwanawe, kwa kawaida alikuwa na mtoto mwenye utulivu na imani naye.

Nchini Kenya, Charles Super aliwachunguza Wakipsigis wa Kokwet. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1976, alieleza kuwa kina mama wa huko waliwafundisha watoto kukaa na kutembea kwa makusudi. Watoto hao walikaa na kutembea mapema kuliko wenzao wa Marekani. Katika kutambaa hawakuwatangulia.

Miaka hiyohiyo ya 1970, Robert LeVine na wenzake waliishi miongoni mwa Wakisii. Mama wa Kikisii alikuwa mwepesi wa kumbeba na kumtuliza mtoto, ila hakuzungumza naye kama mama wa Boston. Alipokwenda shambani, mtoto alibaki na kaka au dada yake.

Nani ahesabiwe?

Mwaka 1995 Betty Hart na Todd Risley walitangaza matokeo ya utafiti wa familia 42 huko Kansas: watoto wa maskini, walisema, husikia maneno machache mno kuliko watoto wa wenye nacho. Lakini mwaka 2018 Douglas Sperry na wenzake walionyesha kwamba hesabu hubadilika ukiwajumlisha walezi wengine na mazungumzo anayoyasikia mtoto pembeni. Wahenga wetu walikwishasema: mkono mmoja haulei mwana.

Hata hivyo, methali hiyo ni onyo pia. Kwa familia iliyohama, mikono mingine mara nyingi imebaki nyuma. Bibi yuko kambini, dada yuko shuleni, baba na mama wanapokezana kazi za zamu ghalani. Mtoto ambaye angezungukwa na maneno uani, anashinda na mtu mmoja aliyechoka, au na televisheni. Kuyalaumu malezi ya kijijini ni kosa. Kuyategemea kana kwamba ua ule ungalipo ni kosa pia.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 iliweka njia ya kuwasaidia watoto wa chini ya miaka 3 wenye matatizo ya makuzi, na hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinapaswa kutoa mkalimani bila malipo. Basi mzazi anapoulizwa maneno ya mwanawe, na ayataje yote: ya Kiswahili, ya Kizigua, ya Kinyarwanda. Amtaje na kila anayemsemesha. Na kama shaka ingalipo, asiukatae msaada, kwani miaka hiyo mitatu haimsubiri mtu.