Hina nyeusi ‘piko’ yaweza kuacha mzio wa maisha

HARUSI ya mwambao haikamiliki bila bibi harusi kuchorwa maua mikononi na miguuni. Hata hivyo, si kila rangi inayopakwa siku hiyo ni hina. Tofauti kati ya hina yenyewe na ile nyeusi iitwayo piko ndiyo inayoweza kuamua iwapo urembo huo utaisha salama au utamfikisha mtu hospitalini.

Hina ya asili hutokana na majani ya mhina, mti ambao kitaalamu huitwa Lawsonia inermis. Majani hayo hukaushwa, hutwangwa na kuchekechwa, kisha unga wake hukorogwa kwa maji au ndimu. Rangi yake huanza kama ya chungwa, na baada ya siku moja au mbili hukolea kuwa nyekundu au kahawia. Huhitaji saa kadhaa ili ishike, nayo hufifia yenyewe baada ya wiki moja hadi tatu. Hakuna mhina unaotoa rangi nyeusi tititi.

Weusi wa piko hutokana na rangi ya kutia nywele, ambayo wachoraji huipaka peke yake au huichanganya na hina ili ishike haraka. Kemikali inayoleta weusi huo ni parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD.

Umoja wa Ulaya huruhusu PPD katika rangi za nywele tu, tena isizidi asilimia 2 inapopakwa kichwani. Nchini Marekani, Mamlaka ya Chakula na Dawa (FDA) haijaidhinisha kemikali hiyo kupakwa kwenye ngozi. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu hina nyeusi ya Umoja wa Falme za Kiarabu ulikuta baadhi ya sampuli zikiwa na PPD inayokaribia asilimia 30.

Mtu aliyedhurika huanza kuwashwa, ngozi huvimba na kutoa malengelenge yanayofuata mistari ya ua lililochorwa. Dalili hizo huweza kuchelewa kwa siku kadhaa, hata wiki mbili, kiasi kwamba wengi hawazihusishi na piko. Kidonda kikipona, mahali pake huweza kubaki kovu au baka jeupe, hasa kwa watoto.

Hatari kubwa zaidi ni kwamba mwili ukishaikataa PPD, kwa kawaida huendelea kuikataa maisha yote. Aliyechorwa piko utotoni anaweza, miaka mingi baadaye, kutia nywele rangi akavimba uso na macho, na mara chache akashindwa kupumua. Mwili huohuo unaweza pia kukataa baadhi ya dawa za ganzi, rangi za nguo na bidhaa za mpira mweusi.

Hina ya asili nayo ina tahadhari yake. Watoto wenye upungufu wa kimeng’enya cha G6PD, hali inayopatikana sana katika maeneo yenye malaria, wanaweza kuvunjika chembe nyekundu za damu wakipakwa hina. Kwa sababu hiyo, haifai kumpaka mtoto mchanga.

Anayetaka kuchorwa hana budi kuuliza kilichomo katika mchanganyiko. Rangi iliyo nyeusi tangu mwanzo, au inayoshika kwa muda usiozidi saa moja, haifai kupakwa mwilini. Kutodhurika mara ya kwanza si dhamana, kwani mzio huweza kujitokeza mara ya pili au ya tatu.

Anayehisi muwasho baada ya kupakwa anapaswa kuosha mahali hapo kwa maji mengi na sabuni, asitumbue malengelenge, na amwone daktari. Akivimba uso au akipumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja. Baada ya hapo, ni lazima amweleze kila daktari na kila msusi kwamba piko iliwahi kumdhuru.