Elimu Maalumu: Kutoka Hisani Hadi Haki

Historia ya elimu ya watoto wenye ulemavu nchini mwetu haitenganishwi na swali la madaraka: nani anaamua, na kwa manufaa ya nani? Ukoloni ulimpima mtoto kwa kazi ambayo angeufanyia. Asiyeona na kiziwi waliachiwa hisani ya makanisa. Kanisa la Anglikana lilianzisha shule ya wasioona Buigiri, Dodoma, mwaka 1950, na Kanisa Katoliki shule ya viziwi Tabora mwaka 1963. Kazi hiyo hatuibezi. Lakini hisani huchagua wachache, haki haichagui.

Azimio la Arusha la 1967 lilitamka usawa wa binadamu wote. Sheria ya Elimu ya 1969 ilizileta shule zilizopata ruzuku chini ya uongozi wa umma, na ile ya 1978 ikaifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima. Hapo mkinzano ukajitokeza: sheria ilimwita kila mtoto shuleni, ilhali walimu wengi hawakuwa wamefunzwa nukta nundu wala lugha ya alama.

Tunajifunza kwamba uratibu si kukusanya takwimu makao makuu. Ni kuunganisha utambuzi wa mtoto kijijini, mafunzo ya mwalimu chuoni na vifaa darasani. Kimoja kikikosekana, vingine hupooza. Chuo cha Patandi, Arusha, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 ni silaha zetu. Silaha isiyofika kijijini haimkomboi mtu.