Mashoto si Kilema

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya mkono wa kushoto, mkono ambao wengi wetu tulifundishwa kuuficha.

Katika ngumi, bondia wa kawaida hutanguliza mguu wa kushoto. Mkono wa kushoto hupima na kuchokoza. Wa kulia hungoja nyuma na konde zito. Bondia wa mashoto hugeuza yote hayo. Wakikutana wawili hao, miguu yao ya mbele hugongana, na konde la kushoto hupata njia nyeupe hadi ubavu wa kulia, lilipo ini. Tena wako wachache wanaoweza yote mawili, wanaobadili miguu katikati ya raundi.

Afrika Mashariki tunayajua mambo haya. Ayub Kalule wa Uganda alikuwa bondia wa mashoto. Mwaka 1974 alitwaa ubingwa wa dunia wa ridhaa mjini Havana. Oktoba 1979 akamfuata Masashi Kudo kwao Japani, mjini Akita, akamshinda kwa pointi na kuwa bingwa wa dunia wa WBA. Hakupoteza pambano la kulipwa hadi Juni 1981, Sugar Ray Leonard alipomsimamisha katika raundi ya 9 mjini Houston.

Mganda mwingine, John Mugabi, mshindi wa medali ya fedha ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alikutana na bingwa wa mikono yote miwili. Huyo ni Marvin Hagler wa Marekani, aliyesimama kwa mashoto lakini akigeuka kila alipotaka. Mugabi alikuwa ameshinda mapambano yake yote ya kulipwa kwa nokauti. Tarehe 10 Machi 1986, mjini Las Vegas, alimtesa Hagler kweli kweli kabla ya kuangushwa katika raundi ya 11. Leonard, aliyekuwa amestaafu, alikuwapo akitazama. Alipoona jinsi bingwa alivyotaabika, akapata hamu ya kurudi ulingoni kumkabili.

Walikutana tarehe 6 Aprili 1987. Hagler akaanza kwa kusimama kama bondia wa kawaida, akaliacha shoto lake. Raundi za mwanzo zikampotea. Aliporudi kwenye shoto alipigana vizuri, lakini baada ya raundi 12 majaji waligawanyika, na ushindi ukaenda kwa Leonard. Mpaka leo wapenzi wa ngumi wanabishana juu ya raundi zile.

Kwa nini nawaeleza haya? Kwa sababu mimi nilizaliwa na mashoto, katika milima ya Upare, wilayani Same. Shuleni, kila kalamu ilipokwenda kushoto, fimbo ilishuka. Nikajifunza kuandika kwa kulia, kwa hati ambayo hata mimi huisoma kwa shida. Lakini shambani hakuna aliyenikataza. Kule kwetu mashamba yananing'inia kwenye miteremko, na mwenye kuweza kuhamisha jembe toka mkono huu hadi ule hupumzisha bega moja huku kazi ikiendelea. Mama aliniita wa kwanza siku za kulima matuta. Mkono ule ule uliochapwa darasani ulisifiwa shambani.

Wahenga walisema mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Nami nakubali kwamba kujua kutumia yote miwili ni mali. Lakini bondia hujifunza mkono wa pili juu ya ule wa kwanza. Haukati wa kwanza ili apate wa pili. Hagler, pamoja na ustadi wake wote, alilipa gharama kwa raundi chache tu alizoliacha shoto lake. Mtoto anayelazimishwa huliacha kwa miaka yote ya shule.

Mzazi, mwalimu, ukimwona mtoto ameshika kalamu kwa kushoto, mwache aandike. Akitaka kujifunza na wa kulia, msaidie. Fimbo iweke kando.

Hadi juma lijalo, kwaherini.