Makelele ndani ya linye: barua za Lusaka mbele ya intaneti

Bandugu, sisi ambao tunakasirika PDF ikisimama ku 90%, tuangalie kidogo kwa jirani, ngambo ya Kasumbalesa, mwanzo wa miaka ya 1990. Universite ya Zambia, kule Lusaka, haikukuwa na intaneti. Ilikuwa na ordinateri, modemu na linye ya telefone yenye makelele. Barua zinakusanywa, kisha simu inapigwa, na zinapita kwa FidoNet, mtandao ambao Tom Jennings alianzisha Marekani mu 1984, mpaka Universite ya Rhodes, Grahamstown, Afrika ya Kusini. Kule njo zilipata mulango wa intaneti.

Kila dakika ya simu ni feza. Na makelele yanageuza herufi. Sasa, namna gani kujua kama barua imefika nzima?

Jibu moja lilitoka Chicago. Mu 1977, Ward Christensen aliandika XMODEM: unakata faili vipande vya baiti 128, unajumlisha baiti zote, unatuma jumla pamoja na kipande. Mwenye kupokea anahesabu tena. Zikilingana anajibu "ndiyo", zisipolingana, "rudilia". Sisi wa agronomi tunaijua hiyo: ni kuhesabu mifuko ya mahindi na kuangalia bordero.

Ila jumla iko na shimo. Makelele yakiongeza 1 hapa na kupunguza 1 pale, dawa ya mililita 12 inakuwa mililita 21, na jumla inabaki ileile! Na waganga wa Lusaka walikuwa ndani ya HealthNet, kwa hiyo haikukuwa mchezo. Njo maana CRC ikaingia: kipande kizima kinachukuliwa kama namba moja kubwa, kinagawanywa, na kinachobakia njo kinatumwa. Pale, hata fasi ya kila herufi inahesabika.

Tena XMODEM inangojea jibu kisha kila kipande. Kwa simu ya mbali, feza inaisha juu ya kungoja tu. Mu 1986 Chuck Forsberg akatoa ZMODEM: inatuma bila kusimama, inarudi nyuma tu ikisikia "rudilia". Simu ikikatika, kesho inaendelea pale iliishia. Kwangu mimi hiyo inapita hata spidi.

Mu 1994 universite ile ikafungua ZAMNET, na Zambia ikaingia intaneti yenyewe. Leo telefone yako ikiendeleza PDF ku 90% bila kuanza ku zero, inaomba: "nipe kuanzia baiti fulani". Ni ombi lilelile la ZMODEM.