Unga na Duara: Njia Mbili za Kuita Roho

Veve ya Papa Legba ni mchoro, alama ya mlinzi wa njia panda katika dini ya Vodou ya Haiti. Kuhani huchota unga wa mahindi kwa ncha za vidole na kuudondosha sakafuni, mstari kwa mstari, karibu na nguzo ya kati ya hekalu.

Legba husalimiwa kwanza ili afungue mlango. Ngoma zikikolea, lwa, yaani roho, humpanda muumini. Wahaiti humwita mtu huyo farasi. Waswahili humwita kiti. Nyayo za wachezaji huufuta mchoro, kwani kazi yake imekwisha.

Ulaya nayo ilikuwa na uganga wake wa kitabu, ulionasibishwa na Mfalme Suleiman. Mganga alisimama ndani ya duara ili limkinge, akaiamuru roho iliyo nje kwa majina ya Mungu. Chama cha uganga cha Golden Dawn, kilichoanzishwa London mwaka 1888, kilirithi sehemu ya elimu hiyo.

Vodou ililelewa na watu waliouzwa utumwani kutoka Dahomey, Kongo na kwingineko. Iliwapa umoja katika mapambano yaliyoanza 1791 na kuzaa uhuru wa Haiti mwaka 1804. Kwao roho ni jamaa wa kulishwa na kuheshimiwa, si mtumwa wa kuamrishwa.