Kabla Hujakopa Pesa ya Lenzi

Ukisema Kangeta hapa Nairobi, watu wanasikia miraa. Mji huo wa Igembe, kwenye barabara ya Meru kwenda Maua, umeipa aina moja ya miraa jina lake. Sasa tuseme wewe ni kijana wa huko, una kamera ya mtumba na lenzi ya milimita 300, na unapenda ndege. Chozi anatua mita 20 kutoka ulipo. Unapiga, unaikuza picha: doa lenye rangi. Kila mtu anakuambia ununue lenzi ya 600.

Lenzi hiyo, hata ya mtumba, inaweza kupita shilingi laki moja. Utakopa. Na Igembe wanajua mkopo unaotegemea miraa unavyouma. Uingereza iliipiga marufuku Juni 2014. Somalia nayo ilifunga soko lake mwaka wa 2020, likafunguliwa 2022. Soko likifungwa, deni halingoji. Kwa hivyo, kabla hujasaini, tupitie historia kidogo.

Mwaka wa 1891, T. R. Dallmeyer wa London alipata hataza ya lenzi ya kuvuta vitu vya mbali. Ilivuta kweli, lakini ilikula mwanga, na ndege hatulii eti kwa sababu unataka mwanga. Mwaka uliofuata, Richard na Cherry Kearton, ndugu wawili, watoto wa mkulima wa Yorkshire, walipiga picha ya kiota chenye mayai. Kufikia 1895 walikuwa na kitabu kizima cha picha za viota. Kiota hakikimbii. Ndege ndiye anayekimbia. Basi mwaka wa 1900 wakatandaza ngozi ya ng'ombe juu ya fremu, mmoja akaingia ndani na kamera. Ndege gani anamwogopa ng'ombe? Mwaka wa 1909 Cherry alikuja hadi Kenya kupiga picha za wanyama.

Karibu na nyumbani kuna Leslie Brown, ofisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni aliyefanya kazi Embu. Aliwafuatilia tai waliojenga kwenye kilima kimoja wilayani humo, akirudi kwenye viota vilevile mwaka baada ya mwaka, na mwaka wa 1952 utafiti wake kuhusu ndege wawindaji wa Embu ukaanza kuchapishwa. Kweli, alikuwa na mshahara wa mkoloni, wewe huna. Lakini kurudi palepale ni bure.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Ukitoka mita 20 hadi mita 10, ndege anaonekana mara mbili kwa urefu na mara mbili kwa upana. Ni sawasawa na kutoka lenzi ya 300 hadi ya 600, bila kulipa hata bob. Ukibaki mbali halafu ukate picha ibaki nusu ya upana na nusu ya urefu, kamera ya megapikseli 24 inakuachia 6 tu. Tena hewa ya saa saba mchana hucheza kwa joto, na kadiri unavyokuwa mbali ndivyo unavyopiga picha kupitia hewa nyingi zaidi. Lenzi ya bei haiondoi hiyo. Saa moja asubuhi inaiondoa.

Kwa hivyo keti karibu na maua ambayo chozi huyarudia, jifiche nyuma ya gunia, egemeza kamera, rudi kesho na kesho kutwa.

Kuna wakati lenzi kubwa ina haki yake. Ndege akiwa na mayai, ukimkaribia anaweza kuyaacha yapoe. Tai wa jabalini humfikii hata ukivaa ngozi ya ng'ombe. Hapo umbali ni heshima kwa ndege, na lenzi ndiyo inayokuruhusu kuitunza. Ukiona picha unazokosa sasa ni za namna hiyo, kodisha lenzi wikendi moja, uijaribu. Kama unazokosa ni za chozi aliye mita 20, bado hujamaliza kutumia miguu yako.